Soksi Kavu

Mwalimu Shaame kanichagua mie kuwa mkalimani
kwa kuwa Raiye, anayenishinda Kiingereza,
siku ile aliamka na homa.
Basi nikasimama mbele ya Kidato cha Tatu, hapa Wete,
na wageni tisa wa kubadilishana skuli
wamekunjana kwenye madawati yetu, magoti juu,
shingo zimeiva kwa jua la siku mbili.

Ubaoni, kwa chaki ya kijani:
KUJITOLEA KUWASAIDIA WAKIMBIZI.
Chini yake hesabu za jana hazikufutika vizuri,
kipeo cha pili bado kinachungulia.

Tukagaiwa fomu.
Jina. Umri. Kisha visanduku vitatu:
nimewahi kumsaidia mkimbizi,
nimewahi kumwona mkimbizi,
sijawahi.
Sote thalathini na wanane tukatia alama "sijawahi",
huku tukichunguliana kama kwenye mtihani.

Akainuka Despina. Naye katoka kisiwani,
huko Ugiriki, kisiwa kidogo kuliko chetu.
Kila Jumamosi, kabla ya mazoezi ya mpira wa wavu,
huenda bandarini na shangazi yake
na katoni ya soksi.
Kwa nini soksi? nikamuuliza.
Swali halikuwa la darasa, lilikuwa langu.
"Wanashuka miguu imerowa," akasema.
"Huwezi kumuuliza mtu jina lake
na miguu yake imerowa."

Nikafasiri. Darasa likaangua kicheko.
Soksi! Wete nzima nani mwenye soksi
ila golikipa na bwana harusi?
Nikacheka na mie, na mkalimani hatakiwi kucheka.

Bi Time Faki alikuwa mlangoni na sinia ya vitumbua.
Yeye hakucheka.
Kaitua sinia dirishani, kajifuta mikono, kaniambia:
"Mwambie huyo mtoto, mie nilipewa kanga."

Nikadhani sikusikia.

"Mwambie. Mwaka ule wa Shimoni.
Sisi ndio tuliokuwa tukishuka.
Usiku, watu thalathini na mmoja, boti ya watu kumi,
n'na mimba ya miezi saba, nguo imenigandama.
Kaja mwanamke wa Kidigo, simjui, hanijui,
kavua leso yake ya juu, wao wasema leso, kanifunika.
Kavu, n'nakwambia. Kavu!
Hakuniuliza chama. Hakuniuliza kitu.
Hata alipoona nimeacha kutetemeka
ndipo kasema: Dada, waitwa nani?"

Neno mkimbizi lina mbio ndani yake.
Na Bi Time nimjuaye mie hakimbii,
goti lake la kushoto halikunjiki,
huja na ndoo ya uji hatua kwa hatua
na sisi humpigia kelele: Bi Time, njaa!
Nikalitafuta neno kwa Kiingereza. Nilikuwa nalo,
limeandikwa juu ya fomu.
Nikashindwa kulitia mdomoni na yeye ananitazama.
Nikasema tu: "She".

Nyuma ya darasa Mwalimu Mbarouk,
anayetusomesha jiografia,
aliyetuchoresha mito ya Siberia na majangwa ya Chile
na siku moja hakutuonyesha Shimoni, hapo ng'ambo,
alikuwa akiikunja ramani upya, akiikunjua, akiikunja.
Mimba ile ya miezi saba ni yeye.

Despina akauliza: kanga ipo?
"Kanga ni doti," kajibu Bi Time, "vipande viwili.
Kimoja n'nacho, kimoja kabaki nacho mwenyewe.
Maandishi yake nayajua kwa moyo.
Jina la yule mwanamke," kasita,
"jina lake sikumuuliza."
Kisha kwa ukali: "Kuleni, vinapoa."

Nikaenda kuiomba fomu yangu.
Zilishakusanywa, zimebanwa pini,
na tuliandika kwa wino.

Asubuhi yake Raiye karudi, homa imemshuka,
kaniuliza jana tulisoma nini.
Nikamwambia: soksi.