Haja Ndogo

Nani aliyeiita ndogo?
Huyo hakuwahi kuendesha tramu mwezi wa Januari,
Ostrava, theluji imelala juu ya nyaya,
dakika hamsini na mbili toka Vítkovice hadi mwisho wa Poruba,
abiria themanini mgongoni
na kibofu kinabisha hodi
kama mdai aliyeiona taa inawaka.

Wala hakijajaa. Ndilo linaloniudhi.
Vijiko viwili, vitatu.
Debe tupu haliachi kuvuma,
na langu linavuma kwenye kila kona ya reli.

Ninavijua vyoo vya mji huu kama padri anavyozijua dhambi zetu:
kituo cha mafuta, ufunguo umefungwa kwenye mwiko;
duka la mikate, hadi saa kumi na mbili tu;
na Bibi Hlavatá wa maua, asiyeuliza,
anayesogeza ndoo za mikarafuu nipite.
Suruali ya kazi ni nyeusi.
Namshukuru aliyeichagua rangi hiyo, popote alipo.

Niliacha kahawa. Nikaililia.
Nikakaza misuli ya nyonga kila taa nyekundu,
nikahesabu hadi kumi, nikalegeza.
Mara kumi na nne kwa siku zikawa kumi na moja.
Si haba. Si neno.

Kisha Daktari Vaculíková akaweka viboksi viwili mezani.

Hiki ni cha zamani, rahisi kama mkate.
Kitatuliza, alisema, na kitakausha.
Kinywa. Macho. Na ile haja nyingine, ile kubwa, huenda ikagoma.
Akasita, akafunga kalamu:
na kumbukumbu, kwa umri unavyokwenda, tutaiangalia.

Hiki ni kipya. Hakikaushi.
Ila hupandisha presha, na yako tayari imesimama kwenye ngazi.
Bima yako hailipii cha pili
mpaka cha kwanza kishindwe.

Kwa hiyo nilipewa nafasi ya kuchagua
mahali pa kuanza kushindwa.

Mama yangu alikufa akiutazama uma
kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la shemeji yake.
Sikumwambia daktari. Nilichukua cha zamani.

Juma la kwanza: ulimi ulinata kama stempu.
Juma la pili: Poruba bila kusimama, mara mbili!
Nilitaka kumkumbatia mtu. Palikuwa na mbwa tu.
Juma la tatu, njia panda ya hospitali,
bibi kizee akagonga kioo cha chumba changu, akauliza kituo kinachofuata,
nami, Drahomíra, miaka ishirini na sita kwenye reli hizi,
nikafungua kinywa kikavu
na ndani hamkuwa na jina.

Sekunde nne. Labda tano.
Ilikuwa dawa? Ilikuwa woga?
Jina lilirudi, likakaa mahali pake kama halikuondoka.
Mimi sikurudi vilevile.

«Imeshindwa,» nilimwambia daktari.
Aliandika. Hakuuliza kwa nini nalia
kwa sababu ya kituo cha tramu.

Sasa nameza cha pili, kila asubuhi, na uji.
Bohdan wa zamu ya usiku ameniazima kipimo cha presha
kilichokuwa cha marehemu baba yake;
kinanibana mkono, kinatoa pumzi, kinanihukumu.
Mia na arobaini na nane.
Mia na arobaini na tatu.
Jana mia na hamsini na moja, lakini jana niligombana na mwanangu.
Naandika nyuma ya tiketi zilizokwisha.
Baada ya mwezi tutazisoma pamoja, mimi na daktari,
na huenda nikaambiwa niache hiki pia.

Leo nimefika Poruba.
Nimefunga breki, nimeshika mlango tayari kukimbia,
kwa mazoea.
Hapakuwa na hodi.
Nikakaa. Theluji ilikuwa ikiangukia reli
nilizotoka kuzipita, polepole, ikizifuta.
Dakika mbili hivi.
Kisha nikashuka kwenda chooni,
nikitembea.