Injini ya Rinat

Haina pistoni za kupanda na kushuka kama mtu atwangaye;
ina pembetatu moja yenye mashavu yaliyovimba,
inazunguka ndani ya chungu chenye kiuno.
Haina vali. Ni nyepesi: Rinat na shemeji yake
waliipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu,
Togliatti, Januari, buti zikidondosha theluji.

Sasa iko juu ya meza yangu ya kulia.

"Inakunywa oili," nasema.
"Ndivyo ilivyoumbwa."
"Na petroli?"
Ananyamaza.

Ole wako uizime ingali baridi:
petroli itafurika, plagi zitalowa,
nawe utalisukuma gari mpaka sokoni,
wewe na viazi vyako na aibu yako.

Usiku anazipima sili za ncha kwa ukucha.
Vipande vitatu vya chuma, vyembamba kuliko ulimi wa kufuli;
kimoja kikilika, mgandamizo unatoroka,
na starta italia, italia tu, bila kujibiwa.

Leo asubuhi nilikikuta kimoja ndani ya sukari.
Nikakifuta kwa aproni, nikakitia mfukoni.
Sijamwambia.
Anakitafuta chini ya kabati, amepiga magoti,
yeye ambaye pete yetu ilipopotea
hakuinama.