Risasi Isiyolia

Saa mbili asubuhi, machimbo ya kokoto nje ya Kajaani,
umande umeganda juu ya sahani za chuma
na sisi tisa tumejipanga, tunafuka pumzi
kama birika zilizosahauliwa jikoni.

Orvokki Heiskanen, mwalimu, ni mfupi,
koti lake lina kiraka cha plasta begani.
Hana salamu ndefu. "Leo hamtapiga," asema.
"Mtatoa."
Kutoa bastola kwenye ala, basi.
Mara mia, bila risasi, uso kwa uso na changarawe:
kiganja kishuke, kidole kinyooke,
kisikiguse kifyatulio mpaka jicho lifike.

Mimi nasukuma theluji kwa gari la manispaa,
mwaka wa ishirini na sita huu.
Mikono yangu yajua usukani na subira,
kulala macho wazi nyuma ya taa za njano.
Haijui kukurupuka.

Saa nne, risasi za kweli.
Kipima-muda chake ni kama kiberiti kiunoni.
"Uko tayari?"
Kimya. Kimya kirefu kuliko haki.
Piii,
sindano inayopenya hata vizibo vya masikio.
Sekunde mbili nukta tisa. Sahani moja kati ya tano.
"Tena."
Mbili nukta nne. Hakuna.
"Umekimbia," asema, "ukayaacha macho nyuma."

Aatu, fundi baiskeli, hana hata miaka ishirini,
aangusha tano zote kabla sijameza mate,
ting, ting, ting, ting, ting,
kisha aona haya
kama aliyecheka msibani.

Baada ya kahawa na mkate wa shayiri
Orvokki achukua magazini yangu, atupa mgongo,
airudisha. Hasemi alichotia.

Piii. Natoa.
Kishindo. Kishindo.
Tik.

Hakuna moto, hakuna mtikisiko,
na bastola mikononi mwangu imeinama yenyewe,
mtutu umechungulia ardhi
kama mbwa anayejua kiatu kinakuja.
Wote wameona.
Ile ya bandia imenichongea.

Orvokki hacheki. Aniwekea mkono kwenye kiwiko:
"Unaujibu mshindo kabla haujauliza."

Nikamkumbuka Raili, dada yangu,
simu ya usiku ule wa Februari:
alikuwa bado anavuta pumzi aseme,
mimi nimeshakaa sakafuni.

Mchana kutwa anichanganyia za kweli na za bandia,
sijui ipi ni ipi.
Tik, nainama. Kishindo. Tik, nainama kidogo.
Jioni, sekunde tatu nukta moja, sahani nne.
Ya tano imesimama kule, imetulia,
kama karani wa posta saa ya kufunga.
Tukaokota maganda ya shaba kwenye barafu,
mengine bado ya moto.

Nyumbani nimeikagua bastola mara mbili: tupu.
Nimesimamisha senti kumi juu ya mtutu, taratibu,
nikabonyeza.
Ikaanguka. Nikaokota. Ikaanguka,
ikabingirika chini ya friji, nikatafuta nyingine.
Mara ya kumi na saba imekaa.
Sina wa kumwonyesha. Friji inanguruma.
Nasimama hivyo hivyo, mikono mbele,
sitaki kuwa wa kwanza kusogea.