Bawabu wa Ulimi

Sampuli imekuja kichupani, ina namba, haina jina:
ukingo wa ulimi, upande wa kushoto,
kipande kama punje ya mchele iliyorowekwa.
Fomu inasema mwanamume, miaka sabini na mmoja, anatafuna popoo.
Sijui aliwahi kusema nini kwa ulimi huu.
Nimeutia nta, nimeukata utando kwa utando,
wembamba ambao hata kitunguu hakiujui.

Nje Leicester inanyeshewa ile mvua yake ya kunong'ona
na basi la mwisho la Evington linapita tupu, taa zote zinawaka.

Tulionywa tangu utotoni: ulimi hauna mfupa.
Hatukuambiwa una mabawabu.
Wamo ndani ya kila seli,
jeni zisizo na kazi kubwa ila kusema ngoja.
Ngoja, usigawanyike, uzi huu umekatika.
Ngoja, tuushone kwanza.
Na usiposhoneka, basi kufa kwa heshima zako,
jirani asidhurike.
Kila bawabu ana pacha: huyu katoka kwa mama, yule kwa baba.
Akianguka wa kwanza, wa pili huukaza mlango kwa mgongo
na mwenye nyumba hana habari,
anakula, anapiga miluzi, anagombana na televisheni.

Miaka inakwenda. Chokaa inaunguza, tumbaku inakwaruza,
popoo inasaga shavu lile lile kila siku baada ya alasiri.
Wa kromosomu ya tisa aghalabu huondoka mapema, bila kuaga;
mahali pake pengine huachwa doa lisilouma,
jeupe, la kudhaniwa maziwa.
Kisha huguswa yule mkubwa wa kumi na saba,
tunayemwita pi hamsini na tatu
kama askari aliyenyang'anywa jina akabakiziwa namba.

Nilipoanza kazi hii nilidhani nitaona pengo.
Darubini ina kejeli zake.
Bawabu mzima haonekani sana: huja, husema neno lake, huondoka,
rangi haimdiriki.
Huyu wa leo yuko kila chumba.
Kahawia, kahawia, kiini baada ya kiini,
amesimama, hatoki zamu, hasemi,
ufunguo umempinda mkononi,
na nyuma yake seli zinapita zikisukumana kama watu wa mnadani.
"Kashajaa," ananiambia Dilraj begani. "Andika."
Naandika. Lugha ya ripoti haina pole.

Jumamosi nakwenda kwa Mjomba Mselem, Highfields, ghorofa ya tatu.
Lifti mbovu tangu Pasaka.
Miaka ishirini na sita kiwanda cha soksi,
masikio yameliwa na mashine, sasa hata chumvi anaiomba kwa sauti ya adhana.
Kisahani cha tambuu kiko juu ya redieta,
majani yamesinyaa, mkasi wa popoo unang'aa.
Siku hizi anatafunia kulia.
"Kushoto panawasha," anasema. "Pilipili za huku zina ukali wa uongo."

Si yeye. Namba ile si yake, yeye ana sitini na nane
na ngazi za Royal hajazipanda ila kumtazama mgonjwa wa watu.
Nalijua hilo. Mkono wangu haulijui.
Naizima televisheni.
"Mjomba, fungua mdomo."
"Mimi mbuzi wa kununuliwa?"
"Fungua."
Anacheka, na kicheko kinamfungua kuliko amri yangu.
Mwanga wa simu unaingia: meno mekundu kama tofali za mtaa huu,
ufizi, shavu,
na pale pembeni ulimi unapojificha,
weupe, mwembamba, kama uzi wa soksi ulioachia.

Sijui nani amebaki mlangoni.
Pengine mmoja, mgongo umekakamaa.
"Waona nini?" anauliza, mdomo wazi, maneno yote yamekuwa irabu.
"Ngoja," namwambia,
nami huku nakitia kisahani chake ndani ya mkoba wangu,
mkasi na vyote,
mbele ya macho yake.