Mkononi

Aikande, nimechana karatasi ya kati ya daftari la mtoto,
nimepiga mstari wa kusimama:
kushoto Hull, kulia Moshi.
Haya, taja.

Ukataja pauni elfu moja mia tisa. Nikasema subiri,
kalamu imegoma. Nikaisugua kwenye soli ya kandambili
ikaandika.
Toa kodi. Toa bima. Toa chumba chenye dirisha moja
linalotazama ukuta. Toa basi, toa umeme wa kununua kidogokidogo,
kumbe hata huko Luku ipo. Toa deni la wakala
aliyekutafutia viza akakupiga picha ukicheka.
Zikabaki mia tatu na ishirini.
Ukanyamaza. Nikasikia zipu.
Uko ndani, Aikande, na umevaa koti?

Kwangu ni haraka. Laki tisa na themanini juu ya karatasi;
serikali imechukua chake mlangoni, pensheni chake,
bodi ya mikopo bado inaidai ile diploma,
saccos nayo. Mkononi laki nne na nusu,
kabla hazijafika kadi za michango:
harusi kwa Mama Shayo, kipaimara, msiba wa Uru.
Ndizi sinunui. Maziwa nakinga kwa shemeji.
"Na hayo ni pesa?" ukauliza.
Nimeyaandika pembeni, kwa penseli.

Nikageuza zako kuwa shilingi.
Umeniacha mbali, sikatai:
mara mbili yangu, na chenji ya sukari.

Halafu tukafika kwa mama.
Wewe: laki mbili kila mwezi, dawa ya presha,
na bati jekundu la msauzi
lililosimamisha watu barabarani hapa Kibosho.
Mimi: kila Jumamosi napanda,
namgeuza, nampaka mafuta mgongoni,
nabishana naye juu ya uji.

Ukacheka kwa pua.
"Kazi yangu ndiyo hiyohiyo. Kugeuza mama za watu,
saa kumi na mbili kwa siku.
Yupo mmoja, Bi Doreen, ukimshika bega
anakuita jina la mwanawe aliyehamia Australia."

Safari hii kalamu ilikuwa nzima, mkono ndio uligoma.
Wewe unalipwa kwa mgongo wa mama asiye wako.
Huu wa mama yetu hauna safu.
Na huyo mwana wa Bi Doreen,
yuko wapi leo, anamtolea nani hesabu?

Mvua ikaanza, ya matone mazito, yenye kelele.
Nikakuambia nakata, sikusikii.
"Usikate," ukasema. "Hilo bati
sijawahi kulisikia."

Nikapanda juu ya kigoda, nikainua simu hadi kwenye boriti,
bando likiisha, mkono ukifa ganzi.
Mama akauliza toka kitandani:
"Unaongea na nani huko juu?"
Nikamwambia, na mwenye bati.