Ufunguo wa Somoe

Barua ya jirani ilisema: anawafungia watoto,
kufuli kwa nje, saa tisa usiku hadi jua kali.
Nikapanda pikipiki ya ofisi mpaka Kitangari
na fomu mbili, moja ya kuwachukua.

Kufuli lilikuwa la kweli.
Dirishani nikamwona Asumini, miaka sita, amempakata mdogo wake,
anammenyea ming'oko kwa meno.

Mama yao akatokea na ndoo kichwani.
Aliiona pikipiki, akaniona mimi,
akaitua ndoo kwanza.
Tone halikumwagika.

Fomu inauliza: Je, mzazi anawajali?
Kuna Ndiyo, kuna Hapana.
Hakuna mteremko wa kisimani,
hakuna korosho zilizokwenda kangomba zikiwa bado maua,
hakuna mume aliyefuata ufuta Liwale
na simu yake haipatikani.

Mwaka juzi, Mnyambe, nilimpakia mtoto
aliyeng'ang'ania kizingiti.
Nilimbandua vidole, kimoja kimoja,
kwa upole, kama tulivyofundishwa chuoni.
Yuko makaoni hadi leo. Ananiita mjomba.
Kwao ameacha kupauliza.

Basi sikumwuliza Somoe kwa nini anawafungia.
Nilimwuliza: ufunguo huo, ungekaa kwa nani?
Akacheka bila furaha:
"Kwa huyo aliyekuandikia?"

Nikaenda kwa huyo aliyeandika.
Bi Nanjota, ungo mapajani, alikana,
kisha akakubali,
kisha akaleta kesi ya mbuzi aliyekula mihogo,
mbuzi wa mwaka gani, hata yeye kasahau.
"Niliandika kwa sababu walikuwa wanalia," akasema.
"Mimi na goti hili, ningefanyaje?"
Nikamwambia goti halihitajiki. Mkeka tu.

Jina la Somoe nimeliingiza kwenye ruzuku.
Foleni ni ndefu, sikumficha.
Kufuli sasa linafunga banda la kuku.

Wilayani mkuu wangu akauliza: umeleta wangapi?
Hakuna, nikasema.
Akatafuta pa kuandika hakuna,
akakosa, akapiga mstari.

Usiku huu nimeamka saa tisa, sijui kwa nini.
Huko Kitangari mtu anavuka ua polepole
na watoto wawili wenye usingizi,
mmoja mgongoni,
na mlango wa pili umeshaachwa wazi.