Sura ya Sabini na Tatu

Saa kumi na moja alfajiri, daraja la Dandong.
Mto Yalu unafuka kama chungu kilichosahauliwa mekoni.
Lori la Ryang linakohoa mbele yangu, linarudi Sinuiju.
Nafunua kitabu cha ushuru, sura ya sabini na tatu:
vitu vya chuma.
Marufuku.
Walipitisha ng'ambo ya bahari,
mikono kumi na mitano juu, hakuna aliyepinga.

Chini ya kiti chake: matufaha, dawa ya kifua, soksi,
na kikaratasi cheusi chenye sindano kumi na mbili.
"Za mke wangu, afande Piao. Anashona sare za shule."
Naandika: sindano, kumi na mbili, zimezuiwa.
Wino umeganda. Naipulizia kalamu, naandika tena.

Msinidhanie mjinga.
Chuma hakisemi kinakokwenda.
Siku walipolipua bomu tumboni mwa mlima
vikombe vya mama, kule Yanji, vilicheza kabatini;
akashikilia meza akidhani ni kizunguzungu chake.
Simwonei huruma mwenye bomu.

Lakini mpwa wangu Longzhe ni baharia,
na usiku wa mwaka mpya, pombe ilipomfungua ulimi,
alinisimulia meli mbili zikikutana gizani,
taa zimezimwa, majina yamepakwa rangi,
bomba nene kama shingo ya ng'ombe
likivuka kutoka ubavu hadi ubavu.
Mafuta, tani elfu mbili.
Meli zisizo na sura,
wala ya sabini na tatu, wala ya kwanza.

Wenye setilaiti wanaona. Wanapiga picha.
Picha inafika mezani,
na mkono mmoja katika ile kumi na mitano
unainuka tena, safari hii kwa kura ya turufu,
wachunguzi wakusanye karatasi zao waende makwao.

Miaka saba nimeushika wavu huu.
Papa sijamwona.
Droo yangu imejaa dagaa: vijiko, zipu, vikata kucha,
mbonyeo wa mwavuli wa mtoto.
Viyeyushe vyote,
hupati hata parafujo moja ya kombora.

Ryang alitia sahihi bila kusoma.
Hakunitazama. Afadhali angenitukana.

Jioni, nikivua koti la kazi,
kifungo cha pili kilikatika, kikabingirika chini ya meza.
Nikakiokota.
Nikageuka kuhakikisha mlango umefungwa.
Nikavuta droo.